Mkweche Wetu wa Maili 218,000

Gari letu ni Buick LeSabre ya mwaka 2003. Kwenye hati imeandikwa kwamba rangi yake ni ya dhahabu, lakini siku hizi inafanana zaidi na mchanga uliolowa. Mita yake imepita maili 218,000, yaani zaidi ya kilomita 350,000. Tulilinunua hapa Columbus, Ohio, mwaka 2016, likiwa limekwisha tembea maili 118,000, kwa dola 2,800 taslimu. Vijana wa kwetu hapa mjini wanaliita mkweche. Sikasiriki, maana ndilo jina lake.

Ndugu wanaofika huku huniuliza swali lilelile: "Kaka, ninunue gari gani?" Jibu langu ni refu kuliko maongezi ya simu, ndiyo maana naliandika hapa. Na mwaka huu swali hilo lilinijia nyumbani kwa sura nyingine. Binti yetu mkubwa ametimiza miaka 16, amepata kazi ya jioni baada ya shule, na mama yake akaniuliza jambo moja tu: "Baba watoto, utamwachia gari hili aende nalo peke yake?" Kwa miaka tisa nimelisifia gari hili mbele za watu. Swali lile lilinilazimisha kuzipima sifa zangu zote upya.

Nianze na sababu ya kulinunua. Kwetu ukikosa gari kuna daladala, kuna bodaboda, na ikishindikana kuna miguu. Hapa mabasi yapo, lakini ghala ninalofanyia kazi liko nje ya mji, na zamu yangu inaisha saa tano usiku. Mke wangu anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, upande mwingine wa mji, na zamu yake inaanza alfajiri. Bila gari, mmoja wetu angeacha kazi. Kwa hiyo hatukuwa na uamuzi wa kuwa na gari au kutokuwa nalo. Uamuzi ulikuwa mmoja: tukope au tusikope.

Mgeni anapofika Marekani hana historia ya mikopo. Benki haimjui. Wapo wauzaji watakaompa gari siku hiyohiyo, lakini kwa riba ya juu na kwa muda mrefu wa kulipa: miezi 60, 72, hata 84. Chukua mfano wa dola 450 kwa mwezi kwa miezi 72. Zidisha, utapata dola 32,400, na hapo hujaweka mafuta. Juu yake mkopeshaji anakutaka ukate bima kubwa, kwa sababu gari bado ni dhamana yake. Saa za kazi zikipunguzwa, malipo hayapungui. Ukishindwa, gari linachukuliwa, na likichukuliwa huna cha kukufikisha kazini ukatafute pesa ya kulikomboa. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa familia zinazojiepusha na riba kwa sababu ya dini, jambo hili ni zito zaidi, na nimeona wengi wakiteseka kati ya dhamiri na haja ya usafiri.

Sisemi kila mwenye mkopo ameingia mtegoni. Wapo wenye kipato kizuri na riba nafuu, na gari jipya linawafaa. Nasema habari ya nyumba yetu, ambayo ilikuwa na watu wawili wanaolipwa kwa saa, watoto watatu, na wazee wawili nyumbani Tanga wanaosubiri kitu kidogo kila mwisho wa mwezi.

LeSabre tuliipata kwa bibi mmoja mjane aliyekuwa ameacha kuendesha kwa sababu ya macho. Huku Buick za aina hii zinajulikana kuwa magari ya wazee, na hiyo ndiyo heri yake kwa mnunuzi. Ndani ya kisanduku cha dashibodi kulikuwa na daftari dogo. Kila oili iliyobadilishwa iliandikwa tarehe na maili. Kila tairi, kila betri. Risiti zilikuwa zimebanwa pamoja kwa mpira. Mwenzangu niliyekwenda naye aliangalia rangi na viti. Mimi nilikaa na lile daftari nusu saa, na nilipolifunga nilikuwa nimekwisha amua kununua.

Nawaambia wageni: kabla ya kutoa pesa, soma namba ya chasisi. Ina tarakimu na herufi 17, inaonekana chini ya kioo cha mbele upande wa dereva. Ile ya kwanza inaeleza gari lilikotengenezwa, na kwa yaliyotengenezwa Marekani mara nyingi huanza na 1, 4 au 5. Kwenye magari ya Kimarekani ile ya nane hueleza injini, na kwetu ni K. Ukiiingiza namba hiyo kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya serikali ya usalama barabarani, utaona bila malipo kama gari liliwahi kuitwa kiwandani kurekebishwa na bado halijarekebishwa. Kisha hakikisha jina kwenye hati ni la huyo anayekuuzia. Hapa Ohio saini ya muuzaji kwenye hati lazima ithibitishwe mbele ya mthibitishaji wa viapo, kwa hiyo mtu akikuambia "tutamalizana baadaye," shika njia uende zako.

Sasa injini yenyewe. Ni ya silinda sita, lita 3.8, nguvu ya farasi 205, na mafundi huiita kwa namba tu: 3800. Historia yake inanifurahisha. Ukoo wake ulianza kwenye Buick za mwaka 1962. Mwaka 1967 kampuni ikauza mitambo ya kuitengeneza kwa watu wa Jeep, maana Wamarekani wakati ule walitaka injini kubwa za silinda nane. Ikaja shida ya mafuta ya 1973, kila mtu akataka injini isiyokunywa sana, na mwaka 1974 kampuni ikarudi kuinunua mitambo yake ileile. Wakaiboresha kidogo kidogo mpaka ilipositishwa mwaka 2008. LeSabre yenyewe, jina lililoanza kuuzwa mwaka 1959, ilifika mwisho mwaka 2005. Kwa hiyo injini yetu ni kitu kilichosahihishwa kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya kufungwa ndani ya gari letu. Bloku yake ni chuma kizito cha kusubu. Ndani yake kuna mnyororo, si mkanda wa mpira unaotakiwa kubadilishwa kila baada ya maili kadhaa. Haina mbwembwe.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba maili nyingi peke yake si ugonjwa. Gari lililotembea maili 200,000 kwenye barabara kuu, injini ikiwa imepata moto wake sawasawa na oili ikibadilishwa kwa wakati, linaweza kuwa na afya kuliko lenye maili 70,000 za kwenda dukani na kurudi, kuwashwa na kuzimwa kwenye baridi kabla injini haijapata joto. Maili zinakuambia safari. Hazikuambii matunzo. Matunzo utayaona kwenye daftari, kwenye kijiti cha kupimia oili, na chini ya gari.

Kwa hiyo nina utaratibu wangu, na si wa kitaalamu. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nafungua boneti injini ikiwa imepoa. Napima oili. Naangalia maji ya rejeta, ambayo kwa baridi ya huku lazima yachanganywe na dawa ya kuzuia kuganda. Napima upepo wa tairi nne na la akiba. Naangalia ardhi pale gari lilipolala kama kuna tone. Oili nabadilisha kila maili 5,000, lita nne na kidogo, pamoja na chujio, na kazi hiyo nimejifunza kuifanya mwenyewe kwa muda wa dakika 40. Nina kifaa kidogo cha dola 20 cha kusomea namba za hitilafu. Karibu magari yote yanayouzwa Marekani tangu mwaka 1996 yana tundu la kukichomeka chini ya usukani. Taa ya injini ikiwaka, najua angalau ugonjwa uko sehemu gani kabla ya kwenda kwa fundi, na fundi naye anajua kwamba najua.

Kuna vipuri vya kubadilisha kabla havijaharibika. Kwenye injini hii kuna viungo viwili vidogo vya plastiki, vina umbo la kiwiko, vinavyopitisha maji ya moto. Plastiki iliyopikwa kwa miaka 20 hugeuka kama biskuti. Viungo vyenyewe ni dola chache, lakini vikipasuka barabarani maji yanaisha na injini inaweza kuungua. Nilivibadilisha mapema, bado vizima. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na methali hii sijaona mahali inapofaa kama chini ya boneti.

Vipuri vikubwa zaidi nimevipata kwenye yadi za magari yaliyokufa. Unalipa kiingilio cha dola mbili tatu, unaingia na spana zako, unatafuta gari ndugu wa lako kati ya mamia yaliyopangwa kwa safu, unafungua mwenyewe unachotaka na kulipia mlangoni. Mara ya kwanza nilipoingia nilijiona niko Gerezani, pale Dar es Salaam, tofauti ikiwa hapa hakuna kijana wa kukukimbilia akuulize, "Bosi, unatafuta spea gani?" Kioo cha pembeni nilikipata hivyo, na mota ya dirisha la nyuma, na kofia za magurudumu.

Nililiendeleza lile daftari la bibi. Kwa miaka tisa, pamoja na oili, tairi, betri tatu, breki, plagi na kazi zote za fundi, tumetumia dola 7,350. Weka juu bei ya kununulia, inakuwa dola 10,150. Gawanya kwa miezi 108, unapata dola 94 kwa mwezi. Mafuta na bima ni mbali. Kwenye barabara kuu linakwenda maili 27 kwa galoni, kama kilomita 11 na nusu kwa lita. Mjini linakunywa zaidi, nalo sifichi.

Bima yetu ni ndogo, ile ya kulipia hasara za wengine, kwa sababu gari lenyewe halina thamani ya kulikatia bima kubwa. Hata hivyo, msichukue kile kiwango cha chini kabisa cha sheria. Ohio inataka angalau dola 25,000 kwa mtu mmoja anayeumia, 50,000 kwa ajali nzima, na 25,000 kwa mali. Kwa gharama za hospitali za nchi hii, pesa hizo huisha siku ya kwanza, na zinazobaki unadaiwa wewe. Tuliongeza kiwango, na tofauti ya bei kwa mwezi haikutuumiza. Anayeendesha gari la bei rahisi bado anaweza kumuumiza mtu kwa gharama kubwa.

Na aibu? Ipo. Shemeji yangu alipoona picha kwenye kundi la familia aliandika, "Jamani, Marekani yote hiyo mmekosa gari?" Nyumbani wanatazama video, wanaona magari yanayong'aa, halafu wanaona letu lenye upande mmoja wa bampa uliofifia. Kwenye harusi za hapa nimeshaegesha mbali kidogo na mlango, nikasingizia nafasi. Lakini aibu yenyewe haina nguvu kama zamani. Mwaka 2019 mama alipolazwa, nilituma pesa ya matibabu siku ileile niliyopigiwa simu. Sikumpigia mtu yeyote kukopa. Nilijua pesa ile ilitoka wapi: ilikuwa ni ya gari ambalo hatukulinunua.

Kuna na faida ambazo hazimo kwenye daftari. Kiti cha mbele ni kirefu kama benchi, gia iko kwenye usukani, kwa hiyo wanakaa watu watatu mbele na watatu nyuma, kila mmoja na mkanda wake. Buti inameza mabegi manne makubwa ya kwenda uwanja wa ndege. Ulipotokea msiba wa mwenzetu Washington, tulikwenda watu sita kwa gari moja, maili 400, karibu sawa na Dar hadi Arusha, tukapanda na kushuka milima ya Maryland usiku bila injini kulalamika. Wenye magari mapya walikuwa wamegawana mawili. Akina mama walikaa nyuma, wakaimba mpaka walipochoka, kisha wakalala. Asubuhi tulifika tukiwa pamoja, na kwenye msiba kufika pamoja ni jambo kubwa.

Hizo ndizo sifa. Sasa nirudi kwa swali la mke wangu.

Adui wa gari la zamani katika mji huu hakai kwenye injini. Ni chumvi. Majira ya baridi barabara zinamwagiwa chumvi ili theluji iyeyuke, na chumvi hiyo huruka chini ya gari, ikatulia kwenye pembe za chuma na kula taratibu. Sisi wa pwani tunaijua tabia hiyo. Nani hajaona mabati ya nyumba zilizo karibu na bahari? Chini ya gari inakula kingo za chini ya milango, inakula fremu inayobeba injini, na inakula mabomba membamba ya chuma yanayopeleka oili ya breki kwenye magurudumu. Injini inaweza kuwa nzima kabisa, inavuma vizuri, huku bomba la breki limebaki unene wa karatasi.

Na hakuna wa kukuambia. Walioko Uingereza wana ukaguzi wao wa MOT kila mwaka gari likishatimiza miaka mitatu. Hata jirani zetu wa Pennsylvania wana ukaguzi wa kila mwaka. Ohio haina ukaguzi wa lazima wa usalama kwa magari binafsi, isipokuwa kupima moshi katika maeneo ya Cleveland na Akron. Gari linaweza kuoza barabarani kihalali. Mkaguzi ni wewe mwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kumjibu mke wangu nilikwenda kwa fundi wetu, Mkongo wa Bukavu. Mimi husema tairi, yeye husema pine, lakini tunaelewana vizuri. Alilipandisha gari juu kwenye mashine, akanipa tochi. "Mzee, usiniulize mimi. Angalia kwa macho yako." Tukagonga fremu kwa nyundo ndogo kutoka mbele mpaka nyuma. Ilikuwa na kutu ya juu juu, lakini sauti ilikuwa ya chuma. Kingo za milango zilikuwa zimeanza kuliwa upande mmoja. Mabomba ya breki ya nyuma yalikuwa na magamba. Hayakuwa yamevuja, ila alipoyapitishia kidole yaliacha unga mwekundu.

Alitaka dola 600 kubadilisha yote, mbele na nyuma, kwa mabomba ya mchanganyiko wa shaba na nikeli ambayo hayashiki kutu. Gari lenyewe kwa kuuza halifiki dola 1,500. Mtu wa hesabu za haraka angesema ni upuuzi. Lakini gari lisilo na breki halina bei yoyote, na dola 600 hazifiki hata miezi miwili ya ule mkopo wa mfano. Nikamwambia abadilishe.

Nilirudi nyumbani na habari njema, mke wangu akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wewe unalijua gari hili. Yeye halijui. Likianza kulia, wewe unasikia. Yeye atasikia muziki wake." Akaongeza jingine ambalo alilisoma kazini wakati wa mapumziko. Tangu magari ya mwaka 2012, sheria ya Marekani inataka kila gari jipya dogo liwe na mfumo wa kielektroniki wa kuzuia kuserereka. Mfumo huo hushika breki ya gurudumu moja moja wenyewe pale gari linapoanza kumponyoka dereva. Taasisi ya IIHS, inayopima usalama wa magari, inashauri dereva kijana asipewe gari lisilo nao. Letu halina. Lina mifuko ya hewa na breki za ABS, na ni zito, zaidi ya kilo 1,600, jambo linalosaidia katika mgongano. Lakini uzito hauzuii kuserereka kwenye barafu.

Sikuwa na jibu la kumshinda, wala haikuwa kesi ya kushindana. Alikuwa amesema kweli mbili. Gari la zamani ni salama pale tu linapokuwa na mtu anayelijua. Na yapo mambo ambayo hata ukilijua vipi, halina.

Ile kweli ya kwanza tuliifanyia kazi. Sheria ya Ohio inamtaka kijana wa chini ya miaka 18 asome saa 24 darasani, aendeshe saa 8 na mwalimu, kisha aendeshe saa 50 na mzazi, 10 kati ya hizo zikiwa za usiku. Saa hizo 50 tulizitumia zote ndani ya LeSabre, redio ikiwa imezimwa. Kila safari ilianza kwa kuzunguka gari: tairi, taa, matone chini. Alijifunza kupima oili na kubadilisha tairi kwenye uwanja wa shule, akivunja kucha na kunilaumu. Nilimfundisha kwamba pedali ya breki ina kimo chake. Siku itakapozama chini ya hapo hata kidogo, asiende popote. Mwezi wa nne tukiwa njiani akasema, "Baba, linanguruma nikikata kushoto. Nikikata kulia linanyamaza." Mimi sikuwa nimesikia. Fundi alipima, akakuta beringi ya gurudumu la mbele kulia imeanza kuchoka. Nilimpigia mama yake simu kutoka gereji kumweleza, akacheka, akasema, "Haya, sasa mko wawili mnaolijua."

Kweli ya pili tuliikubali bila ubishi na tukaiwekea mipaka. Binti anaendesha mchana na jioni, kwenye njia anazozijua, barabara ikiwa kavu. Theluji ikidondoka, au ikitabiriwa, ninampeleka mimi au anaomba ruhusa kazini. Ameahidi, na funguo za baridi ninazo mimi.

Pia tumeandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari mambo matatu yatakayoliondoa gari hili mikononi mwetu, ili siku ikifika tusianze kubembelezana. La kwanza, fremu ikigongwa na nyundo ikatoa sauti ya udongo. La pili, giaboksi ikifa, kwa sababu gharama yake ni kubwa na kwa gari la umri huu haina mantiki. La tatu, siku ambayo mmoja wetu ataogopa kumpakia mtoto ndani, hata kama hawezi kueleza sababu. Hili la tatu liliandikwa na mke wangu.

Msiote kulisafirisha nyumbani. Nimeulizwa hilo pia. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane, wala lenye usukani wa kushoto, na Tanzania inatoza ushuru wa ziada kwa magari ya zamani. Mkweche wa Ohio utafia Ohio. Yadi ya skrepa itaununua kwa uzito, na huenda mgeni mwingine akaja na spana zake akafungua kioo nilichokifunga mimi.

Kila tarehe tano ya mwezi tunaweka dola 250 kwenye akaunti isiyo na kadi. Ndiyo sehemu ya ule mkopo tusiokuwa nao, tunajilipa wenyewe. Gari lijalo litakuwa la mwaka 2012 au la karibu zaidi, lenye mfumo ule wa kuzuia kuserereka, na tutalilipia taslimu kama tulivyolilipia hili. Wiki iliyopita binti aliangalia salio akaniuliza kama tunaweza kununua jekundu. Nimemwambia rangi achague yeye. Mimi nitaomba nione daftari.